Soma Kwanza, Taja Baadaye

Kila mwalimu wa fasihi analijua jibu hili, kwa kuwa amelisahihisha mara nyingi mno: "Mshairi ametumia takriri. Takriri ni kurudiarudia neno au maneno. Takriri imeleta msisitizo na kupamba lugha ya shairi." Mwanafunzi aliyeliandika si mvivu. Amekariri fasili, ameitambua mbinu, na ameeleza umuhimu wake kama alivyofundishwa. Hata hivyo ameweka kalamu chini bila kusema lolote kuhusu shairi lililo mbele yake. Lichukue jibu hilo ulipeleke kwenye shairi la harusi, la msiba au la siasa: litakaa vilevile, na hakuna neno litakalohitaji kubadilishwa.

Sura hii nimemwandikia mwalimu wa sekondari, na pia mzazi, kaka au dada anayekaa na mwanafunzi jioni kitabu kikiwa wazi mezani. Ninalotaka kulisema ni moja. Mwanafunzi afundishwe kuona maneno yanafanya nini kabla ya kufundishwa yanaitwaje. Istilahi zina kazi yake na siziondoi darasani. Ninaomba zingoje zamu yake tu, zije pale ambapo mwanafunzi tayari ana jambo la kusema na anatafuta jina la kuliita.

Haraka ya mtihani

Wanafunzi hawakuanza kuandika hivyo kwa kupenda. Mtihani una haraka zake. Nchini Kenya karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE ni ya fasihi: saa mbili na nusu, maswali manne, kila swali alama 20, jumla alama 80. Nchini Tanzania mtahiniwa wa kidato cha nne hutakiwa kuandika insha akitumia diwani mbili, riwaya mbili au tamthiliya mbili alizosoma, mara nyingi kwa hoja tatu kutoka kila kitabu. Katika hali hiyo majina ya mbinu yana mvuto mkubwa. Yanafundishika upesi, yanakaririka, na ni rahisi kuyatia vema. Na pale nakala za kitabu zinapokuwa chache kuliko wanafunzi, mwongozo huzunguka darasani haraka kuliko kitabu chenyewe. Wapo wanaoingia chumba cha mtihani wakiwa na muhtasari kichwani wa hadithi ambayo hawajawahi kuifungua.

Mwongozo wenyewe si adui. Umeandikwa na mtu aliyesoma kitabu, mara nyingi kwa bidii. Tatizo ni mpangilio: unamletea mwanafunzi majibu ya maswali ambayo bado hajayauliza. Akishapewa dhamira, haoni tena sababu ya kuitafuta, na kila anachosoma baada ya hapo hukilazimisha kiingie katika dhamira ile.

Jambo la pili ni jinsi tunavyogawa fani na maudhui. Mgawanyo huo unasaidia sana katika kupanga insha, lakini hufundishwa kana kwamba ni mambo mawili yasiyojuana: Jumatatu tunaorodhesha dhamira, ujumbe, migogoro na falsafa, Jumatano tunaorodhesha muundo, mtindo, wahusika na matumizi ya lugha. Mwanafunzi anabaki na orodha mbili asizoweza kuziunganisha. Ilhali mwandishi hakuwa na orodha mbili. Alipochagua neno moja akaacha jingine, alikuwa anafanya fani na maudhui kwa wakati mmoja.

Hadithi: umeona nini, na umejuaje?

Ni vizuri kuanza na hadithi fupi kabla ya shairi, kwa sababu lugha yake iko karibu na maongezi na mwanafunzi haiingii kwa hofu. Tena haihitajiki hadithi nzima. Kipande cha mistari sita kinatosha kipindi kizima. Hiki hapa nimekitunga kwa ajili ya sura hii, na mwalimu yuko huru kukiandika ubaoni:

*Mama aliweka sahani tano mezani, kisha akairudisha moja kabatini. Baba alinawa, akaketi, akasema mchuzi umezidi chumvi. Hakuna aliyemjibu. Juma aliuliza kama kesho tena kuna kwenda feri. Mama akamwambia ale kwanza. Nje, gari lilipunguza mwendo karibu na lango. Mikono yote ikasimama. Gari likapita. "Kuleni," alisema Baba, "chakula kinapoa." Sahani yake ilikuwa bado haijaguswa.*

Swali la kwanza lisiwe "Dhamira ya mwandishi ni nini?" Swali hilo linamrusha mwanafunzi moja kwa moja kwenye hitimisho, naye atajibu kwa neno kubwa lolote lililo karibu: umaskini, mapenzi, malezi. Uliza tu, "Umeona nini?" Darasa litataja sahani, mchuzi, gari. Mmoja atasema kuna mtu hayupo. Hapo ndipo swali la pili linapoingia, na kwangu hili ndilo swali lenye thamani kuliko yote katika somo la fasihi: "Umejuaje?"

Sasa mwanafunzi analazimika kurudi kwenye maneno. Amejua kwa sababu ya sahani ya tano. Mwulize zaidi: kwa nini Mama aliitoa kwanza ndipo akairudisha? Kama mtu huyo angekuwa ameondoka zamani, Mama asingeitoa kabisa. Mkono wake bado una mazoea ya watu watano, kwa hiyo pengo ni jipya. Mwingine atalinasa neno "tena" katika swali la Juma. Kumbe wamekwishakwenda feri angalau mara moja. Wanakwenda kufanya nini, hatuambiwi, kwa sababu wote walioketi pale wanajua na hakuna haja ya kuelezana.

Kisha kuna Baba. Analalamika kwamba mchuzi umezidi chumvi, na sentensi ya mwisho inasema sahani yake haijaguswa. Mara nyingi wanafunzi hupita hapa bila kuona. Waelekeze wasome sentensi ya pili na ya mwisho kwa pamoja, halafu nyamaza. Utaona mikono ikiinuka. Baba hakuonja! Basi chumvi ilitoka wapi? Ilitoka kwenye kimya. Alihitaji kusema kitu, chochote, na chumvi ndiyo iliyokuwa karibu. Mwanafunzi aliyeligundua hilo mwenyewe amefanya uhakiki wa kweli, hata kama hajataja istilahi hata moja.

Bado sahani. Zimebaki nne, na waliotajwa ni watatu: Mama, Baba, Juma. Ya nne ni ya nani? Waache wabishane. Baadhi watasema mwandishi amekosea. Waombe watazame jinsi watu hawa wanavyoitwa. Msimulizi hasemi "Bwana fulani na mkewe". Anasema Mama na Baba. Anayewaita hivyo ni mtoto wa nyumba ile, na sahani ya nne ni yake. Yumo mezani, anaona kila kitu, wala hajitaji. Sasa fundisha usimulizi. Waambie kwamba wahakiki huuliza nani anasimulia, anajua kiasi gani, na amekaa wapi. Istilahi hiyo haitasahaulika, kwa sababu imekuja kujibu fumbo ambalo darasa limelihangaikia.

Fanya hivyo kwa mbinu nyingine pia. Andika ubaoni "Watu wote wakaacha kula" pembeni ya "Mikono yote ikasimama", kisha uliza nini kimepotea katika sentensi ya kwanza. Watasema sentensi ya pili ni ya ghafla, kama picha. Tunaiona mikono ikiwa katikati ya sahani na kinywa. Mtu mzima amewakilishwa na kiungo chake kimoja, na hiyo ndiyo sinekdoki. Kungoja gari lisimame au lipite ni taharuki. Baba kuwahimiza wenzake wale ilhali yeye hali ni kinaya. Kila jina limepata pa kukaa.

Mwishoni kabisa uliza dhamira. Hutapata tena jibu la "umuhimu wa familia", ambalo linafaa hadithi elfu. Utapata kitu kama hiki: familia inajikaza kuendelea na desturi za kila siku ili isilitaje pengo lililo mezani. Hiyo ni dhamira ya kipande hiki, na imejengwa kwa sahani, chumvi na neno "tena".

Njia hiyohiyo inafaa vitabu teule. Katika "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed, hadithi iliyoupa jina mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda na kusomwa katika sekondari za Kenya, jitu kubwa linaingia mkahawani na kula chakula kilichopikiwa wateja wote. Aliyeanzia kwenye mwongozo atasema mara moja kwamba jitu ni ishara ya unyakuzi wa ardhi, na hajakosea. Lakini aliyesoma polepole atauliza swali linalofuata: kwa nini uchu wa ardhi umepewa mwili na tumbo? Kwa nini mnyakuzi ameonyeshwa akila mbele ya watu wanaotazama? Kutoka hapo ana mengi ya kuandika, nayo ni yake.

Shairi: tafuta mahali linapogeuka

Ushairi unaogopwa. Mwanafunzi wa bara anakutana na msamiati wa Kiamu au Kimvita ambao hajausikia nyumbani, anakutana na maneno yaliyofupishwa, na mpangilio wa sentensi umepinduliwa. Kwa wengi Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili au ya tatu. Hofu hiyo haitaondolewa kwa kuhesabu mizani. Itaondolewa kwa kusikia.

Kwa hiyo anza kwa sauti. Mwalimu asome shairi zima polepole, wanafunzi wakiwa wamefunga vitabu. Kisha mwanafunzi mmoja asome, kisha mwingine. Ushairi wa Kiswahili ulisikika karne nyingi kabla ya kuingia darasani, na hata leo tenzi husomwa kwa mahadhi katika mikusanyiko ya pwani. Vina na mizani vilitengenezewa sikio, na sikio huvitambua kabla ya kalamu kuvihesabu.

Hili hapa shairi nililolitunga kwa zoezi letu:

*Kisima tulikichimba, kwa majembe na mikono,*
*Tukapasua na mwamba, pasipo na malumbano,*
*Tukayavuta kwa kamba, yakapoza hata meno,*
*Leo kina kifuniko, na ufunguo hatuna.*

*Tukamweka wa kulinda, asiingie mnyama,*
*Tukampa na kibanda, mkeka, taa, heshima,*
*Hata siku zikaenda, juu yake kasimama,*
*Leo kina kifuniko, na ufunguo hatuna.*

*Mtoto ataka maji, nampa hadithi yake,*
*Ya majembe na kijiji, ya mwanamume na mke,*
*Hadithi haiwi maji, hulala na kiu yake,*
*Leo kina kifuniko, na mikono je, hatuna?*

Hatua ya kwanza ni kulieleza kwa lugha ya kawaida, ile kazi ambayo mtihani wa Kenya huiita kuandika kwa lugha ya nathari au tutumbi. Isidharauliwe. Mwanafunzi asiyeweza kusema kinachotokea hawezi kusema kina maana gani. Wanakijiji walichimba kisima, wakaweka mlinzi, mlinzi akakifunga, na sasa mtoto ana kiu. Hapa pia ndipo pa kusaidia lugha. "Kasimama" ni "akasimama" iliyofupishwa ili mizani itimie, yaani inkisari. "Yakapoza" hurejelea maji, ingawa neno maji halijatajwa katika ubeti huo.

Hatua ya pili: nani anasema? Beti mbili za mwanzo zimejaa "tu": tulikichimba, tukapasua, tukamweka, tukampa. Nafsineni ni kijiji kizima. Katika ubeti wa tatu, kabla ya kibwagizo, "tu" inapotea na tunasikia "nampa". Ghafla ni mzazi mmoja peke yake mbele ya mtoto mmoja. Uliza darasa: kwa nini mshairi hakuandika "twampa"? Mizani ingebaki nane. Basi badiliko halikulazimishwa na arudhi, limechaguliwa. Kazi ilifanywa na wengi, lakini aibu ya kumlaza mtoto na kiu kila mzazi anaibeba peke yake.

Hatua ya tatu ni kujaribu kubadilisha maneno, kama tulivyofanya kwenye hadithi. Badala ya "Leo kina kifuniko" weka "Leo kisima kikavu". Mizani nane zinabaki, lakini shairi limekufa. Kisima kikavu ni ukame, na hakuna wa kulaumiwa. Kifuniko kinatuambia kwamba maji bado yapo, na kwamba kuna mtu aliyeamua. Badala ya "juu yake" weka "kando yake". Mlinzi anayesimama kando ya kisima anakilinda. Anayesimama juu yake amekimiliki. Kisha tazama alivyopewa: "mkeka, taa, heshima". Viwili vinashikika, cha tatu hakishikiki, na ndicho kilichokuja kumpa nguvu. Tena nani aliyempa? Sisi. Mwanafunzi atagundua kwamba shairi halimlaumu mlinzi peke yake.

Hatua ya nne ni kutafuta mahali shairi linapogeuka. Mashairi mengi yana pahali pa namna hiyo, na ukipapata umepata mlango. Hapa mgeuko uko kwenye kibwagizo cha mwisho. Tumekwisha kukizoea, sikio linangoja "na ufunguo hatuna", na badala yake linapata swali: "na mikono je, hatuna?" Ufunguo umeondoka, mikono imeingia. Nayo mikono tumekwishaiona katika mshororo wa kwanza kabisa, ilipochimba.

Sasa, na sasa tu, taja bahari. Kila ubeti una mishororo minne, kwa hiyo ni tarbia. Kila mshororo una vipande viwili, kwa hiyo ni mathnawi. Vina vinabadilika kutoka ubeti hadi ubeti, kwa hiyo ni ukaraguni. Mizani ni nane kwa nane. Dakika tano zinatosha. Halafu uliza swali linaloziunganisha hesabu hizo na maana: umbo hili linalofuata kanuni kwa uaminifu wote linaufanyaje mgeuko wa mwisho usikike? Mwanafunzi atakayejibu kwamba kanuni ndiyo iliyotuzoesha, na ndiyo maana badiliko lilitushtua, ameunganisha fani na maudhui bila kuambiwa aviunganishe.

Tafsiri nyingi zina nafasi, si zote

Baada ya hapo mlango wa tafsiri ufunguliwe. Mlinzi ni nani? Mmoja atasema ni kiongozi wa nchi. Mwingine ataona chama cha ushirika ambacho mwenyekiti wake amegeuza mali ya wanachama kuwa yake. Mwingine atataja ndugu mkubwa aliyekabidhiwa shamba la urithi. Na yupo atakayesema ni kisima kweli, cha kijijini kwao, chenye kufuli kweli. Wote wasikilizwe, kwa sababu kila tafsiri hapa inaweza kueleza kuchimba kwa pamoja, kuteuliwa kwa mlinzi, heshima, kifuniko na mikono.

Lakini akitokea anayesema, "Mwalimu, shairi linahusu ukame," asijibiwe kwa "sivyo" tu. Aulizwe: "Kifuniko utakieleza vipi?" Shairi lenyewe limkatalie. Darasa linajifunza kanuni iliyo wazi: uko huru kutafsiri, mradi tafsiri yako iweze kubeba maneno yote, hasa yale yanayoisumbua.

Historia na maisha ya mwandishi yaingie hapa, yakimkuta mwanafunzi ana maswali. Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wa kisiasa, *Kenya: Twendapi?*, akatoka mwaka 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka 1973 katika *Sauti ya Dhiki*. Humo mna shairi linaloitwa "Mamba". Ukimwambia mwanafunzi habari za gereza kabla hajasoma, atatafuta serikali katika kila mshororo na mnyama hatamwona. Mwache kwanza amsome mamba kama mamba, asikie vitisho na majigambo, ajiulize kwa nini mtu amwonye mnyama wa mtoni kwa uzito kiasi hicho. Halafu mwambie mwaka, mahali na kifungo. Historia itamwangukia shairi likiwa tayari limekwishamshika, na ataelewa kwa nini mshairi alihitaji fumbo.

Shairi lisilo na vina

Mwaka 1954 K. Amri Abedi alichapisha *Sheria za Kutunga Mashairi*, kitabu kilichoziweka kanuni za mapokeo mikononi mwa wasomaji wengi. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa *Kichomi*, diwani ya mashairi huru, na ubishani mkali ukazuka kuhusu iwapo tungo hizo zilistahili kuitwa mashairi. Wanafunzi wa leo wanakutana na aina zote mbili, na wengi hudhani shairi huru ni rahisi kwa kuwa halina cha kuhesabu. Matokeo yake huandika "halina vina wala mizani" na kusonga mbele.

Kwa shairi huru, swali la kuuliza ni hili: kwa nini mstari umekatwa hapa? Chukua mfano huu mdogo niliouunda:

*Barua imefika*
*bila*
*wewe.*

Maneno hayo yakiandikwa kwa mstari mmoja ni taarifa. Yakikatwa, tunasimama kwenye "bila" na kwa nukta moja hatujui: bila stempu? Bila fedha? Bila jina? Kisha "wewe" linaanguka peke yake, na tunaelewa kwamba aliyengojewa ni mtu, barua haikuwa na maana kubwa. Mwambie mwanafunzi aandike shairi huru lolote kwa mtindo wa aya, alisome, kisha aseme nini kimepotea. Atakachokitaja ndicho kazi ya umbo lile.

Kutoka mjadala hadi karatasi

Darasa linaweza kujadili vizuri, kisha likaandika vibaya. Daraja baina ya mambo hayo mawili ni aya moja, ifundishwe mpaka iwe mazoea. Aya hiyo ina dai, ina neno la shairi au hadithi, na ina maelezo ya kazi ya neno hilo. Huu ni mfano wa aya kuhusu kibwagizo chetu:

*Katika beti mbili za mwanzo kibwagizo kinalalamika kwamba "ufunguo hatuna". Ubeti wa tatu unakigeuza kuwa swali, "na mikono je, hatuna?" Neno "mikono" linamrudisha msomaji kwenye mshororo wa kwanza, ambako mikono hiyohiyo ilichimba kisima. Takriri hapa inatuzoesha lalamiko ili badiliko lake lisikike, na kilio cha kukosa ufunguo kinakuwa ukumbusho wa nguvu ambayo wanakijiji bado wanayo.*

Takriri imetajwa mara moja, bila fasili, na imepewa kazi. Mtahini atapata istilahi anayoitafuta, mfano anaoudai na maelezo anayoyatuza. Wapo wanaohofia kwamba njia hii inamnyima mtoto alama. Kinyume chake, maswali ya dondoo na ya "fafanua" yanahitaji hasa uwezo huu, maana hayajibiki kwa orodha.

Fundisha pia kufuta. Maneno "imeleta msisitizo", "imepamba lugha" na "imeburudisha msomaji" yasikatazwe, ila yadaiwe: msisitizo wa nini? Imemburudisha vipi mahali ambapo mtoto analala na kiu? Mwanafunzi akishindwa kujibu, sentensi iondoke.

Dakika 40 za darasani

Kwa mwalimu mwenye wanafunzi wengi na kipindi cha dakika 40, mpango wangu ni huu. Dakika tano za kusoma kwa sauti mara mbili. Dakika tano za kimya, kila mwanafunzi akipigia mstari neno moja analoliona la ajabu au linalomsumbua. Dakika kumi za wawili wawili, wakiambiana neno na sababu. Dakika kumi na tano za mjadala wa wote, mwalimu akiuliza tu "umejuaje?" na "tukibadilisha neno hili?" Dakika tano za mwisho, kila mmoja anaandika sentensi tatu. Kitabu kikiwa kimoja, ubeti mmoja ubaoni unatosha. Shairi moja lililosomwa hivyo linamwandaa mtahiniwa kwa shairi geni kuliko mashairi kumi aliyoandikiwa majibu.

Dakika tano za kimya ndizo ngumu kwa mwalimu. Tumezoea kujaza kimya kwa maelezo. Mwanafunzi anayekodolea macho ubeti kwa dakika tatu anaweza kuonekana amekwama, kumbe anasoma. Mwalimu akiwahi kumpa jibu, amempokonya kazi ambayo ndiyo iliyomleta shuleni.

Na walau mara moja kwa muhula, mwalimu alete darasani hadithi au shairi ambalo yeye mwenyewe hajawahi kulifundisha, wala halina mwongozo. Alisome mbele yao kwa mara ya kwanza. Aseme wazi mstari unaomtatiza, akisie, arudi nyuma, abadilishe mawazo neno fulani linapomkatalia. Wanafunzi wengi wamewaona walimu wakiwa na majibu. Wachache wamewaona wakiyatafuta. Wakishaona jinsi mtu mzima anayependa fasihi anavyohangaika na ubeti mgumu, watajua kwamba kutolielewa shairi mara ya kwanza si dalili ya ujinga. Ndipo watakaporuhusu macho yao yakae kwenye ukurasa muda wa kutosha, na mengine yote tunayowafundisha yatapata pa kuanzia.